Kilimanjaro kwa Kundi: Nunueni Siku, Jaketi Mtakodi

Mwanzoni mwa kila mwaka, katika makundi ya WhatsApp ya huku kwetu Mandewa, Singida, hakosekani mtu wa kutupia picha ya kile kibao cha kilele cha Uhuru na maneno mawili matatu: "Jamani, mwaka huu na sisi." Saa moja haijapita, vidole gumba vimejaa. Mwalimu yumo, muuguzi yumo, fundi alumini yumo, mwenye duka la pembejeo yumo, na shemeji ya mtu aliyeko Dodoma naye anaomba aunganishwe. Ikifika Juni wamebaki watatu, na wawili kati yao hawasalimiani kwa sababu ya fedha ya nauli.

Ushauri huu ni kwa kundi linalotaka kufika kweli. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asiutafute: fedha yoyote ya ziada mtakayoipata iende kwenye kuongeza siku za kukaa mlimani. Jaketi jipya, fulana zenye jina la kundi mgongoni, hoteli ya kujipongeza, vyote hivyo vinaweza kukodiwa, kuazimwa au kuachwa kabisa. Siku haiazimwi.

Wenzetu wa Ulaya wakitaka kwenda mlimani na marafiki huenda kuteleza kwenye theluji. Wanapandishwa juu kwa viti vya nyaya, wanateremka kwa mbao za kutelezea, na jioni wako hotelini wanakunywa kitu cha moto. Hata Afrika Mashariki imewahi kuwa na mtu wake katika michezo hiyo: Philip Boit wa Kenya alishindana Nagano, Japani, mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Tanzania mlima wenye barafu ni mmoja, na kiti cha nyaya hauna. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König walipanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, wakiwa na mbao zao za kutelezea. Leo wangezibeba bure. Tangu mwaka huo hadi 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 hivi, na kile kipande cha kwenye kreta kinachobeba jina la Furtwängler kimebaki masalia. Kwa hiyo anayejiunga kwa ajili ya theluji aambiwe mapema kwamba kuna wiki ataikuta imetanda, na kuna wiki atakanyaga vumbi na changarawe mpaka kileleni.

Tuanze na hesabu ya mlima wenyewe, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Singida tunaishi kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu liko kwenye mita 1,870 hivi, si juu sana kuliko tunapolala kila siku. Kutoka hapo mpaka Uhuru, mita 5,895, zimebaki mita 4,000 za kupanda, na kule juu kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga anaivuta akiwa amekaa barazani kwake. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, ila kwa ratiba yake wenyewe. Unahitaji usiku kadhaa, na hakuna mazoezi ya uwanjani yanayoweza kuufanyia kazi hiyo. Ndiyo maana kijana wa miaka 22 anayecheza mpira kila jioni anaweza kuangushwa na kichwa akiwa Kibo, huku shangazi yake wa miaka 50, aliyekuja akitembea mdogo mdogo tangu getini, akimpita.

Madaktari wanaoshughulika na milima hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upate siku ya kupumzika. Sasa tazama vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kutoka kituo hadi kituo ni mruko wa mita elfu. Safari ya siku tano inakulaza mara moja tu katika kila kituo unapopanda, kisha usiku ule wa Kibo hulali. Unaamshwa kabla ya saa sita kwenda kileleni. Inauzwa sana kwa sababu bei yake inavutia. Mimi simshauri mtu yeyote anayetoka Singida moja kwa moja aichukue. Ya siku sita inakupa usiku wa pili Horombo. Mchana wake mnapanda taratibu hadi kwenye Mawe ya Pundamilia, miamba yenye michirizi myeusi na myeupe ambayo mtu angedhani imepakwa rangi, karibu na mita 4,000, mnakaa kidogo, mnapiga picha, mnarudi kulala palepale mlipolala jana. Mwili umeonjeshwa urefu na kurudishwa chini kupumzika.

Na hapa Mtanzania ana bahati ambayo wengi hawaifikirii. Mgeni kutoka nje analipa dola 70 kwa kila siku anayokaa ndani ya hifadhi, kabla ya kodi, na juu yake kuna gharama ya kulala. Kwake siku moja zaidi ni pigo, ndiyo maana anajibana kwenye siku tano. Sisi raia, pamoja na ndugu zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na hicho. Siku ya sita kwetu ni hasa chakula na ujira wa watu watakaowahudumia. Kuiacha siku hiyo ili kuokoa fedha ya fulana ni kubana mahali pasipobanika. Viwango hubadilika, kwa hiyo waulizeni Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) wenyewe mwaka mnaokwenda, na kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA, si picha yake kwenye simu. Kama katika kundi yumo ndugu aliyechukua uraia wa Marekani au Uingereza, aambiwe siku ya kwanza kwamba atalipa kama mgeni. Ugomvi wa getini Marangu, watu wamekwisha kushuka kwenye gari na mabegi, ni mbaya kuliko ugomvi wa kwenye simu.

Kuhusu njia, kampuni za utalii zitawaeleza kuhusu Machame, Lemosho, Rongai na nyinginezo. Machame kwa siku saba ni njia nzuri: mnapita Lava Tower, mita 4,600 na ushee, halafu mnateremka kulala Barranco chini ya mita 4,000, na mwili unafaidika. Lakini ni mahema usiku wote, na ukuta wa Barranco unahitaji mikono pamoja na miguu. Lemosho ni ndefu zaidi na mandhari yake inasifiwa na kila aliyeipita. Inahitaji likizo ndefu na mfuko mnene. Kwa kundi la marafiki wanaokwenda mara ya kwanza nachagua Marangu siku sita. Kuna vibanda vya mbao vyenye vitanda, kuna ukumbi wa kulia ambapo mnakaa wote meza moja, na mvua ikinyesha mnaisikilizia ndani. Wapo watakaowacheka kwamba hiyo ni njia ya walaini. Waacheni, wao walale kwenye tope.

Msimu tuupange kwa kalenda ya Singida. Mlima una vipindi viwili vikavu, Januari hadi katikati ya Machi, na Juni hadi Oktoba. Januari na Februari huku kwetu watu wako shambani, na fedha iko ardhini pamoja na mbegu. Alizeti ikishavunwa na kuuzwa, kuanzia Julai, mifuko inapumua; walimu nao wana likizo yao ya katikati ya mwaka. Kwa hiyo Julai hadi Septemba ndiyo miezi yetu. Desemba kuna misafara mingi ya kuadhimisha Uhuru, ikikumbuka usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipowasha mwenge kileleni, na shamrashamra zake ni tamu, ila mtakutana na mvua za vuli zikimalizikia na msongamano wa watu. Jambo moja dogo: tazameni kalenda ya mwezi. Usiku wa kilele ukiangukia karibu na mwezi mpevu, mtapanda mkionana nyuso.

Kabla ya Kilimanjaro, nendeni Hanang. Mlima tunao jirani, Katesh iko kwenye barabara ileile ya kwenda Babati na Arusha, na kilele chake ni mita zipatazo 3,420. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kama hifadhi ya mazingira asilia, hivyo mtafuata kibali na mtu wa kuwaongoza palepale Katesh. Njia ya Jorodom, kwenda na kurudi, ni kazi ya siku nzima, kuanzia giza la alfajiri mpaka jua linazama, na maji mnayabeba kutoka chini. Juu kwenye mgongo wa mlima upepo unavuma kiasi kwamba hata sisi tuliozoea upepo wa Singida tunafunga kofia. Msiende wakati wa mvua kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka mlima huo yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani, na wenyeji bado wana majonzi. Mkipita hapo, piteni kwa adabu.

Hanang haitawazoesha urefu wa Kibo, kwa sababu mtarudi kulala chini siku hiyohiyo. Kazi yake kubwa ni kuwaonyesha nyinyi kwa nyinyi. Atajulikana anayetembea haraka na kuwaacha wenzake, anayenung'unika kila baada ya dakika kumi, anayegawa maji yake, na aliyekuja na jinzi. Kundi likirudi Katesh jioni bado linataniana, lina safari. Likirudi limegawanyika katika magari mawili, afadhali limejua sasa. Mazoezi mengine ni ya kawaida: kutembea na begi mgongoni asubuhi mpaka Ziwa Singidani na kurudi, mara tatu nne kwa wiki kwa miezi mitatu, na Jumapili moja moja kupanda na kushuka mawe yetu ya Singida mpaka mapaja yawake. Kushuka ndiko kunakoua magoti, kwa hiyo kushuka nako kufanyiwe mazoezi.

Sasa fedha. Sisi ni watu wa michango. Harusi moja inatufundisha uhasibu kuliko darasa. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua kwamba ahadi na fedha ni vitu viwili. Mchagueni mhazini mmoja anayeogopwa kidogo, na katibu mmoja ambaye si ndugu yake. Fedha ikae kwenye akaunti ya kikundi, iwe benki au huduma ya simu kama M-Koba, ambako kila mwanachama anaona kilichoingia na kilichotoka. Andikeni karatasi moja, hata kwa mkono, yenye majibu ya maswali manne: mwisho wa kulipa ni lini, anayejitoa kabla ya hapo anarudishiwa nini, anayejitoa baada ya kampuni kulipwa anarudishiwa nini, na nani anaruhusiwa kumuingiza mtu mwingine badala yake. Jibu langu kwa swali la tatu ni kwamba harudishiwi kitu, labda awe amefiwa au amelazwa. Ni kali, lakini bila hiyo, wanne wakijitoa mwezi wa mwisho bei ya kila aliyebaki inapanda, na hapo ndipo urafiki unapoharibika.

Katika bajeti andikeni ada za hifadhi, malipo ya kampuni, vifaa vya kukodi, nauli ya kwenda na kurudi, usiku mbili za Moshi, bahashishi ya watumishi wa mlimani, na akiba ya dharura. Watu husahau mbili za mwisho. Huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye kibali, kwa hiyo mtapitia kampuni yenye leseni. Ulizeni leseni hiyo, na mwombe kuona risiti ya ada za hifadhi iliyolipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Wale vijana wa barabarani wanaoitwa flaikacha, wanaokushika mkono stendi na kukuahidi kilele kwa nusu bei, wasalimieni vizuri na mwendelee na safari yenu. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, kuna mtu anaibeba tofauti yake mgongoni, na mara nyingi mtu huyo ni mpagazi.

Niseme kidogo kuhusu wapagazi, ambao wenyewe kule hujiita wagumu. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwenye mizani getini. Begi lako wewe lisizidi kilo 15. Wengi wao ni vijana wa rika lenu, wengine wamesoma kuliko nyinyi, na wanapokupita njiani na mzigo kichwani wakati wewe na kibegi chako umekaa unahema, toa salamu na uwapishe. Kabla ya kuchagua kampuni, ulizeni wagumu wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi na wanalala wapi. Kampuni nzuri inajibu papo hapo. Kampuni inayoanza kuzungukazunguka imekwisha kujibu. Bahashishi mkubaliane kiwango mapema, ihesabiwe mbele ya watu wote siku ya mwisho, mpishi na mgumu wa mwisho wapate mkononi, isipitie kwa mtu mmoja.

Afya isichukuliwe kimzaha kwa sababu mnafahamiana. Hospitali ya rufaa ya mkoa tunayo hapahapa Mandewa. Nendeni mpimwe presha, sukari na wingi wa damu, na mwenye pumu au tatizo la moyo azungumze na daktari waziwazi. Kipimo ambacho wengi hawakifikirii ni cha selimundu. Nchi yetu ina wagonjwa wengi, na mwenye ugonjwa huo hapaswi kwenda kwenye urefu ule hata kama anajisikia mzima. Aliyebeba kinasaba tu, bila ugonjwa, naye amwone daktari kwanza, kwa sababu oksijeni ikipungua bandama lake linaweza kudhurika. Ipo dawa inayosaidia mwili kuzoea urefu, acetazolamide, ambayo watu huijua kwa jina la Diamox. Inaandikwa na daktari, haifai kwa kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, na haichukui nafasi ya ile siku ya sita. Itawakojoza sana, hilo mlitegemee.

Ugonjwa wa urefu huanza na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu. Karibu kila mtu hupata kidogo, na mara nyingi kupumzika na kunywa maji, lita tatu au nne kwa siku, kunatosha. Ukiendelea kuumwa, usipande zaidi mpaka upone. Dalili za hatari ni nyingine: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, anapepesuka kama mlevi, au anaongea maneno yasiyoeleweka. Mwambieni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, anateremshwa muda uleule, hata kama ni saa nane usiku na kilele kinaonekana. Dawa yake ya uhakika ni kushuka.

Ndipo linapokuja suala la urafiki. Sisi kila jambo tunalimaliza kwa kikao, na kikao kina wazee wa busara, wapatanishi, na wale wa "tumpe dakika kumi tuone". Mlimani hakuna kikao. Mwongozaji mkuu akisema fulani anashuka, fulani anashuka. Likubalini hilo mkiwa bado Mandewa, mbele ya wote, na kila mtu atamke kwa mdomo wake. Kisha jipangeni wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kumchunga: amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, ameamkaje. Watu huwaficha waongozaji maumivu yao kwa kuogopa kurudishwa. Kumficha rafiki unayelala naye chumba kimoja ni kazi ngumu zaidi.

La pili la kukubaliana ni kwamba usiku wa kilele kundi litagawanyika, na hakuna aliyesaliti. Mkianza wote pamoja kutoka Kibo kabla ya saa sita, kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri au zaidi, baada ya saa mbili wenye kasi watakuwa wanaganda wakiwasubiri wa polepole, na wa polepole watakuwa wanajikaza kupita uwezo wao ili wasiwacheleweshe. Wote wanaumia. Dawa yake inapatikana kwenye mkataba: takeni waongozaji wasaidizi wa kutosha, ili hata watu watatu wakirudi kwa nyakati tofauti kila mmoja awe na wa kumteremsha, na bado wanaoendelea wawe na kiongozi. Ukifika Gilman, mita 5,681, umeshafika ukingo wa kreta, na hifadhi inakutambua kwa cheti. Kutoka hapo hadi Uhuru ni saa moja na nusu au mbili nyingine. Anayegeukia Gilman asiulizwe maswali siku nzima ya kushuka.

Mavazi nayapitia haraka, kwa sababu watu huyapa muda mwingi kuliko yanavyostahili. Pamba hapana: jinzi na fulana za pamba zikilowa jasho zinakugandisha. Viatu viwe vyako, vimekwisha kuzoeana na miguu kwa miezi miwili, na kucha zikatwe kabla ya siku ya kushuka. Jaketi zito, begi la kulalia, magongo na tochi ya kichwani vinakodishwa Moshi, vikaguliwe zipu na betri mbele ya mwenye duka. Mwenye jicho la mitumba aanze mapema kuchambua marobota, hapa Singida au Soko la Memorial pale Moshi. Suruali nene zisizopitisha maji, zilizoshonwa kwa ajili ya watelezaji wa theluji wa Ulaya, huangukia humo, na kwa kuwa hakuna anayejua pa kuzivalia, bei yake huwa ya kutupa. Usiku wa kilele chupa ya maji igeuzwe kichwa chini, maana maji huanza kuganda kwa juu. Simu ilale ndani ya begi la kulalia pamoja nawe, la sivyo picha mtazipiga za kukumbuka kwa kichwa.

Chakula kipo kingi na kizuri, shida ni kwamba hamu inapotea. Waombeni wapishi ugali na uji; wanavijua kuliko tambi wanazowapikia wageni, na tumbo lililozoea ugali hupokea ugali hata likiwa limechukia kila kitu. Kila mtu abebe kitu kidogo cha kutoka nyumbani anachoweza kukila akiwa hataki kula. Karanga za kukaanga, ubuyu, na asali yetu ya Singida kwenye chombo kigumu kisicho cha glasi. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, kwa hiyo nendeni na chupa za kudumu.

Kwa wanawake wa kundi: urefu na uchovu vinaweza kuvuruga mzunguko wa mwezi, bebeni taulo za kutosha hata kama tarehe haijafika, na vifuko vya kurudishia taka. Kwa wanaume: anayekoroma ajitaje mapema, apangiwe kibanda na wakoromaji wenzake. Spika ya muziki ibaki Mandewa. Anayevuta sigara ajue kwamba mlima huo uliungua vibaya Oktoba 2020.

Safari ya basi kutoka stendi ya Misuna mpaka Arusha, kisha Moshi, inakula mchana mzima. Msithubutu kuteremka kwenye basi usiku na kuanza kupanda asubuhi yake. Laleni Moshi, kagueni vifaa, kuleni mapema. Mkishuka pia laleni. Miguu ya siku hiyo haitaki kiti cha basi. Na kama kuna wenza au marafiki wanaotaka kuwa pamoja nanyi bila kilele, safari ya siku moja hadi Mandara na kreta ya Maundi inapita katikati ya msitu wenye mbega, wanarudi Marangu jioni, na picha zao huwa nzuri kuliko zenu kwa sababu wanacheka kwa kweli.

Mnaotaka kwenda Septemba, mhazini achaguliwe wiki hii, na mchango wa kwanza uingie kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyetoa huo wa kwanza aondolewe kwenye orodha kwa heshima, abaki kwenye kundi kuwapongeza.